Mzee wa kitalu aliyekataa kuniuzia ukoka

Nilikwenda kutafuta ukoka. Viroba sita, hesabu nilishaipiga nyumbani, na hela ya guta la kubebea nilikuwa nimeitenga pembeni. Ilikuwa Novemba 2022, jua la Dodoma lile la kungoja mvua, linalokufanya unyatie hata kivuli cha nguzo ya umeme.

Kitalu chenyewe kiko upande wa Ihumwa, ukishavuka korongo, mkono wa kushoto. Jina sitalitaja kwa sababu hakina. Kuna ubao tu umeandikwa MICHE IPO, na hiyo P imeshafutika. Ndani kuna banda la makuti na mabua, safu za viriba vya miche, pipa mbili, na mzee mmoja amekaa kwenye kigoda anapepeta mbegu. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitika, akanirudishia "mbukwa" ya Kigogo, nami nikajibu nilivyoweza. Nikamweleza shida yangu.

Hakuniuliza viroba vingapi. Aliniuliza, "Mama, bomba lenu linatoa maji siku ngapi kwa wiki?"

Nikamwambia mbili, ikizidi sana tatu. Akauliza nyumbani tuko wangapi. Watano. Akauliza hilo eneo la ukoka lina ukubwa gani, nikamwambia hatua kumi kwa sita. Akachukua kijiti, akachora mchangani. Ukoka kiangazi cha hapa, ukitaka ubaki kijani, unakunywa kama lita tano kwa siku kila mita ya mraba. Mita sitini mara tano ni lita mia tatu. Madumu kumi na tano. "Madumu kumi na tano kila siku, mama, na nyumbani hakuna mtu hata mmoja aliyeyanywa."

Nilinyamaza, maana ankara ya Oktoba ilikuwa kwenye mkoba wangu. Yuniti 21, na yuniti moja ni lita 1,000. Ukoka wangu wa kwanza, ambao hata hivyo ulikuwa umeshakauka na kubaki kama mkeka wa zamani, ulikuwa umekula karibu yuniti tisa za mwezi ule. Nikamwomba basi aniuzie nusu. Akasema ukoka anao, ule pale, ila kwa mtu wa maji ya zamu hauzi. Akarudi kwenye mbegu zake.

Niseme kidogo mimi ni nani, ili mnielewe nilivyochukia. Mimi ni mtu wa Muleba. Kwetu ukisahau fimbo shambani utaikuta ina majani. Bukoba mvua ya mwaka inakaribia milimita 2,000. Dodoma miaka mingi haifiki 600, na hiyo yote inashuka kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, tena katikati Februari inaweza kukata wiki mbili tatu mahindi yakajikunja. Halafu miezi saba hakuna kitu. Nilihamia hapa 2018 na kazi, nikajenga, nikataka mbele ya nyumba pafanane na kwetu. Na yupo mzee wa kunikatalia hela yangu!

Nilifika mpaka kwenye gari nikarudi. Nikamuuliza, haya babu, wewe ungenipandia nini?

Alinipa mikwaju miwili kwa 2,500 kila mmoja, mikomamanga mitatu kwa 5,000, milonge miwili kwa 1,500, na machipukizi ya shubiri mwitu kumi na mawili kwa 1,000 kila moja. Jumla 35,000. Vijiti vya minyaa kwa ajili ya ua wa nyuma alinikatia bure, akanionya mara tatu utomvu usiingie machoni, na mbegu za mlenda akanifungia kwenye kipande cha gazeti. Akasema tusipande chochote mpaka aje kuona uwanja. Kuja kuona ni 10,000 pamoja na nauli ya bodaboda. Hiyo elfu kumi ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote tangu nihamie mji huu.

Alipofika aliangalia paa kwanza, udongo baadaye. Paa langu lina mita za mraba 110 hivi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua moja nzuri ya milimita 30 inaniletea zaidi ya lita 3,000. Nilikuwa na simtanki la lita 5,000 na gata upande mmoja tu wa nyumba. Alicheka. Kwa mwaka paa hilo linapokea si chini ya lita 50,000, na mimi nina chombo cha kuweka 5,000 ambacho mvua mbili zinakijaza. Hizo nyingine zinakwenda barabarani kuchimba korongo. "Tanki lako kubwa ni hili hapa," akakanyaga chini kwa kisigino.

Basi gata likawekwa pande zote mbili (fundi ni mwingine, simhesabu kwenye tathmini hii), na bomba la kumwagikia la simtanki tukalielekeza kwenye mashimo ya nusu mwezi aliyoyachimba na mjukuu wake: upana kama hatua mbili, kina cha goti, udongo uliotoka umewekwa upande wa chini kama ukingo. Mikwaju na mikomamanga ikapandwa pembeni mwa hayo mashimo. Sio katikati. Katikati maji yakisimama siku mbili mche unaoza, na nilidhani Dodoma mche hauwezi kufa kwa maji mpaka nilipoona msimu wa 2023/24, ule wa El Niño. Jambo jingine la gata: mvua ya kwanza usiikinge. Toka Agosti upepo unamwaga vumbi juu ya bati, na kinyesi cha njiwa juu yake. Iache ioshe paa, iende kwenye mashimo, ya pili ndiyo iingie tankini.

Huyu mzee anasema ujana wake alikuwa kibarua wa vitalu Kondoa enzi za HADO, ule mradi wa kuhifadhi ardhi ulioanza 1973, na alikuwepo 1979 mifugo ilipoondolewa kwenye yale maeneo yaliyoliwa na mmomonyoko. Ndiyo maana pale uwanjani nilipomwonyesha kisiki cha mgunga karibu na lango, nikamwambia kijana wangu atakiang'oa, alinishika mkono kabisa. Kilikuwa na machipukizi kama kumi na tano. Akachagua matatu yaliyonyooka, mengine akayakata kwa kisu, akafunga kitambaa. Kisiki hai, jambo ambalo vijijini huku sasa linafundishwa sana: mti uliokatwa lakini mizizi yake bado iko chini kabisa kwenye unyevu, huunyweshei, unaupunguzia tu mzigo. Ule mgunga leo umepita ukuta. Haujawahi kupata hata kikombe kimoja cha maji kutoka kwangu. Machi ya mwaka huu minana walining'iniza viota kumi na moja.

Sasa mitungi.

Pembeni ya banda lake kuna mama mfinyanzi anayeuza mitungi ya udongo isiyopakwa chochote, ya lita sita hivi, 8,000 kila mmoja. Nilichukua sita. Unauzika mpaka shingoni, unaujaza maji, unaufunika kwa kigae au sahani ya udongo. Udongo wa nje ukikauka unayavuta maji kupitia ukuta wa mtungi. Ukiwa na unyevu, maji yanatulia. Mboga unazipanda kuuzunguka, kiganja kimoja kutoka kwenye mtungi, zaidi ya hapo mizizi michanga haifiki. Jua haliyaoni hayo maji, magugu hayayapati. Mimi najaza kila siku ya tatu Juni na Julai wakati wa kipupwe, kila siku ya pili Septemba na Oktoba. Mchicha, mnafu, nyanya chungu, nyumba ya watu watano inakula, kwa lita 18 hivi kwa siku joto likiwa kali.

Kasoro ya mitungi haikuwa ya mama mfinyanzi, ilikuwa yangu. Mwaka wa kwanza, simtanki lilipoisha Julai, nilinunua maji ya kisima cha jirani. Visima vingi huku vina chumvi. Ukichemsha chai, sufuria inabaki na utando mweupe. Kufikia Septemba mitungi minne ilikuwa imejaa maji na mboga zinanyauka pembeni. Chumvi ilikuwa imeziba vitundu. Nikaifukua, nikaisugua kwa brashi ya kufulia, nikailoweka maji ya bomba siku mbili. Mitatu ikapona. Mmoja ulipasuka nikiufukua, vipande vyake nimevifanyia kazi nyingine nitakayoieleza. Kwa hiyo: maji ya mvua au ya bomba tu. Na usipakwe rangi! Shemeji yangu alikuja akaona shingo za mitungi akaona zitapendeza nyeupe.

Maji ya kufulia nayo babu ana sheria zake, na hapa ni mkali kama mwalimu wa zamu. Maji ya kwanza yenye povu la sabuni ya unga hayaendi kwenye mti wowote. Ya suuza ya mwisho yanaruhusiwa kwa mikwaju na mikomamanga, leo huu kesho ule, na ikiwa kuna dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hapana kabisa. Maji ya kuoshea mchele na mboga ndiyo matamu, hayo yanakwenda kwa milonge. Dada wa nyumbani alinuna wiki mbili kwa kubeba ndoo. Wiki ya tatu akapanda bamia zake mwenyewe nyuma ya choo, na sasa ananigombeza mimi nikimwaga.

Kifuku kinapoanza ndipo unaona ulichopanda kimeita nani. Jioni ya mvua ya kwanza kumbikumbi wanatoka ardhini, na shore, kwezi na hata kunguru wanagombana hewani. Zamani, siku za ukoka, nilikuwa nawapulizia dawa mchwa hawa. Babu alinikataza. Mchwa anatafuta kilichokufa, na mche anaoutafuna mara nyingi ni ule ulioumwa na kiu tayari. Weka nyasi kavu za kutosha, ziache mbali na shina kiasi cha kiganja, mwaga majivu kidogo pale katikati, mwache ale nyasi. Amekula nyasi. Nimepoteza mche mmoja wa mlonge kwake, na huo nilikuwa nimesafiri siku kumi bila mtu kuunywesha.

Lakini wakati wenyewe hasa ni kiangazi. Juni shubiri zinatoa mashina ya maua mekundu, wakati kila kitu kingine kimekuwa rangi ya karatasi ya khaki, na chozi wanafika. Siku ya kwanza nilidhani ni nyigu mkubwa. Kaka yangu aliyekuja kutoka Bukoba aliniuliza, ina maana umepanda miiba kumi na miwili kwa ajili ya ndege wa gramu kumi? Ndiyo. Na haijanigharimu ndoo.

Kile kigae cha mtungi uliopasuka ndicho chombo cha ndege. Nimekiweka juu ya mawe matatu, kina kama vidole vitatu, ndani nimepanga kokoto ili nyuki wapate pa kukanyagia wasizame. Lita mbili asubuhi, basi. Yale yaliyobaki jana yanamwagwa kwenye shubiri na kigae kinasuguliwa, maana maji ya kusimama ni kitanda cha mbu na sitaki kugombana na mtaa. Tetere wanakuja mapema. Kama saa nne wanakuja wale kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi na kola ya njano, ambao kwao asili ni Tanzania hii hii na watu wa nchi za mbali wanawafungia vizimbani. Kwangu wanakuja kumi, kumi na mbili, wanakunywa kama watoto wa shule bombani, wanasukumana, wanaondoka. Oktoba nyuki wakazidi. Kigae kilikuwa karibu na mlango wa jikoni, mtoto akadungwa shavuni. Nikakihamishia pembe ya mbali, nyuki wakahamia nacho. Babu hakuwa amenionya juu ya hilo, na nilimwambia.

Kuna jambo ambalo yeye na mimi hatujaelewana mpaka leo, nalo ni kufagia. Mimi nimelelewa hivi: uwanja uliofagiliwa mpaka udongo unaonyesha mistari ya ufagio ndio uwanja wa mtu mwenye adabu. Majani makavu ni uvivu. Yeye anasema kila asubuhi nafagia chakula cha miti yangu nakitupa jalalani. Tumegawana. Mbele, kuanzia lango hadi barazani, panafagiwa. Nyuma, majani yanabaki, na kwenye pembe ya ukuta kuna rundo la matawi makavu. Jirani yangu wa kulia, mama mtu mzima ninayemheshimu, alikuja rasmi, amevaa kitenge cha kutokea, kuniambia, "Mwanangu, unafuga nyoka."

Sikubisha. Rundo nililisogeza hatua kumi kutoka kwenye nyumba, njia ya katikati ikafagiwa peupe ili chochote kinachopita kionekane, taa ikawekwa. Nyoka nimemwona mmoja kwa miaka mitatu, mwembamba, alikuwa anapita kwenda kwake. Aliyekaa ni kalunguyeye. Anatoka saa mbili usiku akinusanusa kama mzee anayetafuta miwani, anakula konokono na mende, na kelele anazopiga akitafuna zinasikika mpaka barazani. Yule mama jirani sasa akija jioni anakaa anamsubiri. Rundo bado halipendi.

Ankara zangu: Oktoba 2022 yuniti 21. Oktoba 2023 yuniti 13, ule mwaka wa kunywesha miche kwa kikombe. Oktoba 2024 yuniti 11. Watu ni walewale watano. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na kina cha maji ya chini kule kimepimwa tangu miaka ya 1950. Vipimo hivyo vinaonyesha bonde halijazwi sawasawa kila mwaka. Linajazwa hasa miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98, halafu tunachota akiba hiyo miaka na miaka. Tangu nilipolielewa hilo, nikipita nyumba yenye mpira unaomwagia ukoka saa saba mchana, mwili unanisisimka.

Sasa malalamiko, maana nimemsifu mno.

Simu hapokei. Risiti hakuna, anaandika kwenye daftari la shule na ukurasa ukipotea umepotea. Guta alilonitafutia lilibeba miche saa sita mchana bila turubai, majani ya mikomamanga yalifika yamekaangwa, na mjadala wa nani alipe uliishia hewani. Mkomamanga mmoja ulidumaa miezi minane. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa imejizungusha kama kamba ndani ya kiriba, maana yake ulikaa humo muda mrefu kupita kiasi. Aliubadilisha bila ubishi, lakini miezi minane hairudishwi. Mwaka juzi mjukuu wake aliniuzia mkwaju wa tatu ambao ulikuja kuwa mkrismasi. Kwa hiyo kagua mwenyewe: ukuti wa mkwaju una vijani pande mbili moja kwa moja, wa mkrismasi unagawanyika tena katika vikuti vidogo kabla ya kufika kwenye vijani. Tena mzee ana maneno. Nilimkuta akimhutubia binti aliyetaka maua tu ya kupanga barazani kwa ajili ya send-ofu ya dada yake, mpaka yule binti akaondoka mikono mitupu. Kama una shughuli mwezi ujao na unataka pang'ae, nenda vile vitalu vya barabara kuu, watakuhudumia kwa heshima na wana risiti.

Huyu nenda asubuhi, kabla ya saa tatu. Jumapili hufungua akitoka ibadani. Beba beseni, viriba vikilazwa vinapasuka. Na usibebe miche Novemba kwa kuona wingu. Lipia, mwachie hapohapo aendelee kuinywesha, ukaichukue ardhi yako ikishalowa kiganja kizima kwenda chini. Miche yangu mitatu ya mwaka huu nimeilipia Jumamosi, iko safu ya nyuma karibu na pipa, nimeifunga uzi mwekundu. Hiyo usiiguse.